Nyumba ya Katikati

Katika ofisi ya sensa walimwita mkaguzi huyu Shangazi, kuanzia mfagizi hadi Mkuu wa Kitengo, na sababu ilijulikana. Hakuwahi kumkamata mtu kabla ya kumjulia hali ya wazazi, ya watoto, na ya goti linalomsumbua wakati wa baridi. Wapika takwimu walimwogopa kuliko polisi. Polisi hupiga kelele. Shangazi hukuuliza kama umekunywa chai, na ukifika chini ya kikombe unajikuta umeshasema yote.

Asubuhi hiyo Karani alikuwa amepewa chai na hakuigusa.

Aliketi mbele ya meza ya Mkuu wa Kitengo, mikono mapajani, kitambulisho cha sensa kikiwa bado shingoni ingawa alikwisha kuambiwa akivue. Alikuwa mama wa watoto pacha, na kazi hii ya kuzunguka nyumba kwa nyumba na maswali ya sensa ndiyo kazi ya kwanza iliyomdumu tangu awazae. Ikithibitika kwamba majibu ya mtaa wake ameyatunga, kibarua kitaota nyasi, na kesi itafuata juu yake.

"Tazama mwenyewe, Shangazi," Mkuu akasema, akaigeuza kompyuta. "Swali la thamani ya nyumba."

Swali lenyewe halikuwa na makuu. Mwenye nyumba anayekaa ndani ya nyumba yake huulizwa: kama nyumba hii na kiwanja chake vingeuzwa leo, unadhani vingepata bei gani? Mpangaji haulizwi, maana si yake. Atakachosema mwenye nyumba ndicho kinachoandikwa. Karani haruhusiwi kumsahihisha, wala mthamini haitwi. Kisha nyumba za mtaa hupangwa mstari mmoja, kama watoto wa shule wanavyopangwa kwa urefu, kuanzia ya bei ya chini kabisa hadi ya juu kabisa. Inayoangukia katikati ya mstari, bei yake ndiyo hutangazwa kuwa bei ya mtaa. Shangazi aliupenda mtindo huo kwa moyo wake wote. Ukijumlisha na kugawanya, tajiri mmoja mwenye kasri anawaharibia wote hesabu. Nyumba ya katikati haimjali tajiri, wala haimjali mwongo mmoja.

Mitaa ya jirani ilikuwa imetoka na milioni thelathini na tano, thelathini na nane, arobaini. Mtaa wa Karani ulikuwa umetoka na laki tatu.

"Laki tatu," Mkuu akasema. "Siku hizi kwa laki tatu unapata mlango. Bawaba ujinunulie."

"Na hizi nukta?"

"Hapo ndipo alipojimaliza. Kila dodoso linapofunguliwa, kishikwambi hujiwekea alama ya mahali kilipo. Nyumba thelathini na moja. Alama mbili ziko mbali huko. Nyingine zote zimerundikana hapa, nukta juu ya nukta. Amekaa mahali pamoja, amekunja miguu, akajaza mtaa mzima kwa kichwa chake."

Shangazi alivuta kiti akaketi karibu na Karani, bega kwa bega, kana kwamba wote wawili ndio wanaoulizwa.

"Pacha hawajambo?"

"Hawajambo, Shangazi."

"Siku ile ulikaa wapi, mwanangu?"

"Ndani. Kwenye nyumba."

"Nyumba ya nani?"

Karani akaikazia macho chai yake. "Nimeandika nilichoambiwa. Naapa kwa wanangu, sikuongeza wala sikupunguza."

"Sijakuuliza uliandika nini. Nimekuuliza nyumba ya nani."

Karani akakisukuma kikombe mbele kidogo. Mkuu akafungua mikono kama anayesema, unaona mwenyewe.

Shangazi aliona, ila aliona kingine. Tangu jana alikuwa ameyapitia madodoso yale moja moja, akawapigia simu watu watano wa mtaa ule bila kugusia bei hata kidogo. Vyumba vingapi? Paa la nini? Maji ya bomba au ya kununua? Kila walichomjibu kilikuwa kimeandikwa vilevile, hadi bomba la nje lililokatika koki.

"Mkuu, umewahi kuona mpishi wa takwimu akapika chungu kimoja tu?" akauliza. "Anayetunga hutunga yote. Huyu maswali yake yote ni ya kweli isipokuwa moja. Na tazama hizo bei zenyewe. Mtunzi hutawanya ili zifanane na kweli: huku juu, huku chini. Hapa jibu la kwanza kuandikwa ni laki nne. Baada yake, kwenye rundo hili lote, hakuna aliyeifikia. Tatu na nusu. Tatu. Mbili na nusu. Tatu tena. Kama watu waliofungiwa chini ya dari."

"Na zile mbili za mbali?"

"Mwalimu, aliyehojiwa shuleni kwake, na dereva wa lori, aliyehojiwa gereji. Milioni arobaini na moja, milioni thelathini na nane. Hao hawakuwa chini ya dari."

Mkuu alijikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na wakubwa wake. "Kesho jioni faili linakwenda kwa mwanasheria," akasema. "Ukiwa na neno, niletee kabla ya hapo."

*

Shangazi alianza na anayefaidika, kama walivyomfundisha zamani. Mwongo mmoja hawezi kuisogeza nyumba ya katikati. Ili ianguke kiasi kile, lazima zaidi ya nusu ya mtaa iseme uongo kwa pamoja. Na nusu ya mtaa haikubaliani hata juu ya zamu ya kuzoa taka. Basi yupo aliyewapanga, na anayependa nyumba ziitwe rahisi ni yule anayetaka kuzinunua.

Dalali wa eneo lile alikuwa na kibanda kando ya barabara, kuta zake zimejaa picha za nyumba. Tatu kati ya hizo zilikuwa za mtaa ule ule. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi na simu mbili.

"Ulipiga picha mtaa ule," Shangazi akasema baada ya salamu.

"Nilipiga, mama. Si kosa."

"Si kosa. Kosa ni kuwaambia watu waseme nyumba zao ni za laki tatu ili wewe ununue kwa bei ya kutupa."

Dalali aliziweka simu zote mbili mezani. Alionekana ameumia kweli. "Laki tatu? Nani huyo kasema? Mama, mimi nakula kwa asilimia. Bei ikipanda nashiba, bei ikishuka wanangu wanalala njaa. Mtaa ule hakuna kitu chini ya milioni thelathini, labda nyumba moja. Kuna kinyozi pale ana ghorofa. Kesho asubuhi nakuletea mtu wa milioni arobaini, tena akikushukuru."

"Kwa nini basi hujaiuza hata moja?"

"Nilifukuzwa." Akajishika shingo, kana kwamba bado inauma. "Na huyo huyo kinyozi. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha la bibi mmoja, naongea na mteja kwenye simu, namtajia bei. Tahamaki nimekamatwa ukosi. Akanipeleka hadi barabarani, tena kwa upole, hakunipiga, akaniambia, 'Ndugu yangu, hapa kwetu bei hazitajwi kwa sauti.' Nimefanya kazi hii tangu nikiwa kijana. Sijawahi kusikia mtaa ambao bei hazitajwi."

"Bibi yupi?"

"Wanamwita Bibi Msingi. Mlango wa buluu."

Shangazi akaitoa ramani mkobani, akaikunjua juu ya meza ya dalali. Rundo la nukta lilikuwa limeketi juu ya nyumba moja mwishoni mwa mtaa. Akamwonyesha. Dalali akainama, akatikisa kichwa.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Hiyo ndiyo ile moja isiyofika thelathini."

*

Mtaa ulikuwa msafi, wenye baraza fupi na maua kwenye makopo. Nyumba zilikuwa imara, nyingi zimepigwa lipu na rangi, mbili tatu zimeweka vigae. Ya mlango wa buluu ilikuwa kama mgeni asiyealikwa. Tofali zilionekana wazi, ufa ulishuka kutoka dirishani hadi chini, na paa lilikuwa limeshonwashonwa kwa vipande vya bati vya rangi tofauti. Ndani redio ilikuwa ikisoma kitu kwa sauti ya taratibu: mchele, maharage, nyanya, bei ya kilo sokoni leo.

"Hodi."

Redio ikanyamaza mara moja.

"Karibu, sukuma tu, haujafungwa."

Bibi Msingi alikuwa ameketi juu ya kitanda, mguu mmoja umenyooshwa juu ya mto, bado una bandeji. Uso wake ulikuwa na makunyanzi ya mtu aliyecheka sana maishani. Kilichomshangaza Shangazi ni viti. Sebule haikuwa kubwa, nayo ilikuwa imejaa viti vya kila sampuli, cha mbao, cha plastiki, cha chuma, kimoja cha kinyozi kabisa, chenye mgongo wa kulaza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usishangae viti. Walivileta siku nilipotoka hospitali, kila mmoja na chake, na hawajavirudisha. Wanasema watakuja kuketi tena." Akacheka. "Wewe ni wa sensa. Nimeona kitambulisho. Yule binti wa mwanzo yuko wapi? Mtoto mwenye adabu yule."

"Yupo. Alifika siku ile ile?"

"Siku ile ile. Amezunguka mtaa mzima, milango imefungwa, kumbe watu wote wako humu. Nikamwambia, mwanangu, miguu yako si ya kukodi, keti hapo uwaandike wote mara moja."

Kabla Shangazi hajauliza la pili, aliingia mwanamume wa makamo aliyevaa aproni yenye nywele nywele, bila kupiga hodi, kama mtu anayeingia kwao. Akamsalimu mgeni, akamgeukia bibi.

"Mama, sukari imekwisha?"

"Imekwisha tangu jana, nawe wajua." Bibi Msingi akafungua fundo kwenye upindo wa nguo yake, akatoa sarafu mbili. "Bei ni ile ile?"

"Ile ile, Mama. Haijapanda."

Akazipokea kwa mikono miwili. Shangazi alizitazama zile sarafu kwenye viganja vyake. Zilikuwa za zamani, ndogo, za aina ambayo siku hizi watoto huchezea na duka lolote lingezikataa. Kinyozi akatoka. Hazikupita dakika nyingi akarudi na pakiti nzima ya sukari, akaiweka mezani, na pembeni yake akaweka sarafu moja.

"Chenji yako, Mama."

Shangazi aliinua pakiti ile akaipima mkononi, kama anayetaka tu kuisogeza. Ilikuwa kilo kamili.

"Nyumba yako nzuri, Bibi," akasema polepole.

"Ya kwanza mtaani." Bibi akaupigapiga ukuta kwa kiganja. "Marehemu mume wangu aliijenga kabla hakujawa na mtaa. Alikuwa mwashi. Kuna tajiri mmoja alikuja na laki nne taslimu, zimefungwa kwenye kitambaa. Mume wangu akamwambia, hiyo ni fedha, hii ni nyumba. Mtaa mzima ulikuja kumwona mtu aliyekataa laki nne."

"Hakuna nyumba iliyoifikia hiyo mpaka leo," Kinyozi akasema. Alisema huku akiangalia sakafu.

Shangazi akainuka. "Kinyozi, nisindikize."

*

Walisimama kivulini mwa nyumba ya Kinyozi, mbali na dirisha la bibi. Chini palikuwa saluni. Juu, ghorofa yenye roshani na pazia jeupe.

"Nyumba yako hii," Shangazi akasema, "uliiambia sensa ni ya bei gani?"

"Nilisema kilichokuwa moyoni."

"Moyoni palikuwa na laki tatu na nusu. Na ghorofa je, ilikuwa moyoni au ilikuwa nje?"

Kinyozi alivua aproni akaanza kuikunja. Aliikunja vizuri sana, pembe kwa pembe.

"Sukari ya kilo," Shangazi akaendelea, sauti ikiwa chini, "kwa sarafu mbili zisizonunua hata kiberiti. Tena na chenji. Sikuulizi ili nikufunge, ndugu yangu. Binti aliyewaandika anaambiwa ametunga majibu yenu. Kesho jioni anapelekwa kwa mwanasheria. Yeye hataki kusema, nami nadhani najua anamficha nani."

Hilo lilimwingia. Akaketi kwenye ngazi.

"Mumewe ndiye aliyetujengea," akasema. "Mimi, fundi cherehani, mwalimu, wote. Tulikuwa vijana hatuna kitu. Anakwambia lete saruji tu, mkono ni wangu. Na Mama ndiye aliyebeba maji ya zege kichwani, nyumba hadi nyumba. Kila nyumba unayoiona ilimalizika. Ya kwake haikupigwa lipu mpaka mzee anafariki."

"Mganga hajigangi."

"Ndiyo. Sasa amebaki peke yake. Tukataka kumtunza, akakataa. Ukimpelekea chakula anakupa na wewe chakula. Ukimpa fedha anakasirika, anasema hajafika kulishwa. Basi siku moja bei ya sukari ilipanda, mke wangu akashindwa kumwambia. Akamwambia ni ile ile. Akaongezea mwenyewe. Kesho yake fundi cherehani naye akamwambia bei ya unga ni ile ile. Ikawa hivyo. Miaka, Shangazi. Kwa Mama hakuna kitu kilichopanda bei tangu mzee afariki. Tumekubaliana mtaa mzima, hata watoto wanajua, bei hazitajwi kwa sauti."

"Ndipo sensa ikaja."

"Ikaja siku anatoka hospitali. Binti wa watu akaanza na yeye, maana ndiye mkubwa na ndiye mwenye nyumba. Mama akajikaza akakaa wima, akasema, 'Laki nne, na siiuzi.' Halafu yule binti akanigeukia mimi." Kinyozi akainua macho. "Wewe ungesema nini? Milioni arobaini? Mbele yake, na bandeji ile? Nikasema tatu na nusu. Wenzangu wakafuata. Hatukupanga. Naapa hatukupanga."

Shangazi alijua wamefanya kosa. Alijua pia kwamba katika miaka yake yote ya kufukuza waongo, hajawahi kuupenda uongo kama huu.

Akatoa simu akampigia Mkuu wa Kitengo, akamweleza yote pale pale kwenye ngazi.

"Kwa hiyo walidanganya," Mkuu akasema.

"Walidanganya. Karani hakudanganya. Kanuni inasema andika unachoambiwa, usimsahihishe mtu, naye ndivyo alivyofanya. Kosa lake ni moja: aliwauliza kadamnasi. Swali hili huulizwa mtu na mtu, kila mmoja mlangoni kwake."

Upande wa pili karatasi zikafunuliwa.

"Onyo la maandishi," Mkuu akasema hatimaye. "Na mtaa urudiwe kabla ya kesho jioni. Nani atakwenda?"

"Karani mwenyewe. Mwambie akanywe ile chai, halafu aje."

*

Asubuhi iliyofuata Karani aliusogelea mtaa kama anayerudi nyumbani kwa mkwe aliyekosana naye. Shangazi alimshika mkono.

"Kwa nini hukusema, mwanangu?"

"Ningesema, mngemtuma mtu akampime bibi kama akili yake iko timamu. Ningekuwa nimejiokoa kwa kumwaibisha."

Waligonga mlango mmoja baada ya mwingine, na kila mlango ukafungwa nyuma yao kabla swali halijaulizwa. Watu walijibu kwa sauti ya chini, wengine wakiwa bado na haya. Fundi cherehani aliomba radhi kabla hata ya kutaja bei. Kinyozi alisema milioni arobaini na mbili, kisha akatazama dirishani kama mtu aliyetukana. Walipomaliza, ikabaki nyumba moja, ya mlango wa buluu.

Waliketi kwenye baraza ya jirani, Shangazi akazipanga bei. Nyumba tatu zilizoangukia katikati zilikuwa zimetaja bei ile ile, milioni thelathini na sita, bila kujuana.

"Unaona?" akamwambia Karani. "Bibi akisema laki nne, tunamweka mwanzo wa mstari, na katikati inabaki thelathini na sita. Angesema milioni mia, tungemweka mwisho, na katikati inabaki pale pale. Aseme analotaka. Nafasi yake ipo."

Karani akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana. "Basi nitaiandika laki nne yake kwa moyo mweupe."

Walimkuta Kinyozi akimpangia mito. Karani alimwamkia bibi, akamwomba Kinyozi kwa heshima atoke nje kidogo, akaufunga mlango. Akafungua kishikwambi. Maswali ya vyumba na maji yalipita haraka. Kisha akafika penyewe.

"Bibi, kama nyumba hii na kiwanja chake vingeuzwa leo, unadhani vingepata bei gani?"

Bibi Msingi aliutazama mlango uliofungwa. Akanyoosha mkono, akawasha redio, akaipandisha sauti kiasi cha mtu aliye nje asisikie kitu. Ilikuwa ikisoma bei za soko.

"Milioni kumi na nne," akasema. "Kumi na tano, akipatikana mjinga. Kuta zimekwisha. Hapo ni kiwanja tu kinachouzika."

Kidole cha Karani kikabaki hewani. Shangazi akamkodolea bibi macho.

"Mnanitazama nini?" Bibi akasema. "Redio ninayo. Kila asubuhi inanisomea bei. Mchele najua, sukari najua, hata saruji najua. Mtu hawezi kuishi mjini asijue sukari inauzwaje."

"Lakini sarafu, Bibi," Shangazi akasema.

Bibi akalishika lile fundo la nguo yake, akalibonyezabonyeza. "Walitaka kunilisha, nikakataa. Niliwabebea maji wakiwa vijana, leo wanilishe kijiko? Nikawafukuza na vyakula vyao. Ndipo wakazua hii ya bei haijapanda. Siku ya kwanza nilitaka kumwambia yule mke wa Kinyozi, mwongo wewe. Nikamtazama usoni. Alikuwa na furaha kama aliyeokota kitu. Nikanyamaza. Tangu hapo kila asubuhi kuna mmoja ana sababu ya kuingia humu. Wakijua najua, wataona haya, na mtu mwenye haya hupita mbali na mlango wako."

Akashusha pumzi. "Siku ile walikuwa wamekaa hapa wote. Ningetaja bei ya leo, ningeyamwaga yote. Nikasema ya marehemu. Wala sikujua kwamba watashuka nami hadi chini." Hapo kicheko kikamshika, akacheka mpaka akalazimika kuushika mguu. "Kinyozi na ghorofa yake. Laki tatu na nusu."

Shangazi alicheka naye, na machozi yakamtoka, wala hakujisumbua kuyaficha.

"Jana niliwasikia wakinong'ona dirishani kwamba ulitaka kufukuzwa kwa ajili yetu," Bibi akamwambia Karani, sasa bila kicheko. "Ingefika huko, ningewaambia, mwanangu. Ningewaambia wote. Imefika?"

"Haikufika, Bibi."

"Basi hutawaambia?"

Karani aliandika milioni kumi na nne, akaihifadhi, akakishika kitambulisho kilichokuwa shingoni mwake.

"Jibu la mtu ni siri, Bibi. Nimekula kiapo."

Nje mtu alikohoa, kisha akagonga taratibu. Bibi Msingi akaizima redio, akajipangusa macho, akajiweka vizuri juu ya mito. Shangazi ndiye aliyefungua.

"Samahani," Kinyozi akasema, akichungulia. "Nilitaka tu kujua, Mama. Majani ya chai yamekwisha?"

"Yamekwisha." Bibi alikuwa tayari amelifungua fundo. "Bei ni ile ile?"

"Ile ile, Mama," Kinyozi akajibu, akinyoosha mikono yote miwili. "Haijapanda hata senti."

"Basi usisahau chenji," Bibi Msingi akasema.